Nilijipanga na Baridi, Baridi Ikanipanga

Jirani, sogea kidogo hapo kwa benchi nikae. Miguu imekufa ganzi. Nitakusimulia ya Julai, lakini usicheke kabla sijamaliza, maana waliocheka wameshatosha.

Kwanza nikukumbushe mimi huuza nini. Soda. Maji ya chupa. Na zile barafu za rangi, za shilingi 5, zinazorudisha mtoto nyumbani na ulimi wa zambarau mpaka mamake adhani ameramba wino. Ni biashara ya jua. Jua likiwaka nakula, jua likijificha nakaza mshipi. Na nimeiweka wapi? Kiamaiko. Mtaa ambao kuanzia alfajiri watu wanashusha mbuzi, wanachinja mbuzi, wanachemsha mbuzi, wanakunywa mbuzi. Hapa mtu akishikwa na kiu hatafuti maji, anatafuta supu. Mimi niko katikati yao na friji. Usiniulize nilikuwa nafikiria nini. Sikuwa nafikiria.

Friji yenyewe si yangu. Ni ya watu wa soda. Waliniachia na fomu ndefu, nikaweka sahihi bila kuisoma, kwa sababu maandishi yalikuwa madogo na kijana aliyeileta alikuwa amewasha pikipiki. Hiyo fomu iweke kando, tutairudia.

Basi Juni ikaingia. Niko kwa kinyozi, redio inasema Idara ya Hali ya Hewa, wale wa Dagoretti Corner, wametabiri baridi Juni, Julai na Agosti. Eti usiku Nairobi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Miaka mingine huwa nasikia na kupita. Mwaka jana nilipita, na Julai nzima nikauza soda nne, mbili kati yake kwa mtu aliyekuwa na kichefuchefu. Mwaka huu nikasema zii. Lazima mtu ajipange.

Kujipanga kunataka elimu. Kijana wangu yuko gredi ya 8, nikamwuliza kwa nini mji mzima unageuka friji na mimi bado nalipia friji stima. Akafunga kitabu. "Baba, sisi tuko juu, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Na miezi hii ni majira ya baridi huko kusini mwa dunia. Upepo unatoka kusini mashariki, unapita baharini, unaleta mawingu ya chini. Yanatanda asubuhi mpaka mchana, jua linashindwa kupenya." Nikamwambia kama wingu limetufunika basi ni kama blanketi, tungefaa kusikia joto. Akaniangalia vile bwana hesabu wa shule yao huangalia risiti zangu. Akafungua kitabu.

Nikaona bora nitafute mtu aliyeishi na baridi yenyewe. Nina binamu Minneapolis, Marekani. Kule Januari nyuzi huteremka hata 20 chini ya sufuri, maziwa yanaganda, namaanisha yale ya samaki si ya chai, mpaka watu wanaegesha magari juu yake. Huyo ndiye profesa wangu. Nikapiga video. Inafunguka, jamaa yuko kwa vesti, jasho linamtiririka, ameshika aiskrimu. Kumbe Juni kwao ni joto. Hata baridi ina ubaguzi. Lakini akanipa siri. "Binamu, kazi ni kuziba. Wenye biashara huku wanaziba kila tundu. Mlango wanaweka wa kwanza na wa pili. Madirisha wanabandika plastiki. Joto likiingia halitoki. Sasa kuhusu huo moto wenyewe, hakikisha una—"

Bando ikaisha. Ilikuwa ya shilingi 20. Nikasema ya muhimu nimeshapata.

Shopping nikaanzia Gikomba, kwa sababu mwenye hoteli lazima apendeze. Ndiyo, nilikuwa tayari najiita mwenye hoteli. Nikakuta majaketi yamepanda bei, maana wenye mitumba pia husikiliza redio, tena kuliko mimi. Kamera, zile za kwanza kuchomolewa robota likifunguliwa, huenda kwa watu wa mapema. Mimi nilifika saa nane mchana. Saa nane ni saa ya fagia. Nikaokota moja ya rangi ya machungwa, ya wale watu wa kuteleza kwa theluji, ina mistari ya kung'aa na zipu kwapani. Zipu kwapani, jirani. Sikujua hutoa nini ama huingiza nini. Siku ya kwanza kuivaa, wamama watatu waliniletea takataka.

Kutoka hapo Shauri Moyo, kwa mafundi wa jua kali, kununua jiko kubwa lenye udongo ndani. Hayo majiko yameanza zamani, mwanzo wa miaka ya 1980, na yanasifiwa kwa kula makaa kidogo kuliko la bati tupu. Nikamtania fundi, mbona mnaitwa jua kali na hakuna hata jua pole? Hakucheka. Aliongeza bei shilingi 100.

Halafu nailoni. Hapa nilitoka jasho. Mimi najua mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, faini hadi milioni 4 ama miaka 4 ndani. Milioni 4! Mimi hata elfu 4 nikiiona huwa naamkua. Sasa nanunua mita 12 za nailoni kwa hadiwea ya Juja Road, mchana peupe. Nikamnong'oneza mwenye duka. Akaniuliza kwa nini nanong'ona. Nikaificha ndani ya jaketi la machungwa, nikatembea mpaka Kiamaiko kama mama wa miezi tisa, nikimkwepa kila mtu mwenye buti. Mama watoto akanipokea mlangoni akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe marufuku ilikuwa ya mifuko ya kubebea. Nailoni ya kujengea inauzwa mpaka imewekwa nje ya duka na bei imeandikwa. Mimi ndiye niliyeifanya magendo.

Makaa yakaja jioni, magunia mawili, yamelowa. Manyunyu ya Julai si mvua ya kukimbia, ni ya kukuchezea. Haikupigi, inakulamba. Mbao za kibanda zinavuja, chini kuna tope, nitaweka wapi makaa yakauke? Nikaangalia huku, nikaangalia kule. Friji. Nilikuwa nimeizima kuokoa tokeni, imekaa hapo na kioo chake kama mgeni asiyesaidia kazi. Inafunga vizuri, haivuji, ina rafu. Nikapanga makaa, makubwa juu, madogo chini, chenga kwa ile trei ya barafu. Nikafunga. Nilijisikia mhandisi.

Ya kuuza sasa. Nilianza na supu. Najua, najua. Kuuza supu Kiamaiko ni kupeleka samaki Kisumu. Lakini nilisema mtaa una watu wengi, supu haiwezi kuwatosha wote. Shida ni kwamba mifupa ya maana huisha kabla jua halijatoka, na mimi nilienda saa nne. Nikapewa nilichopewa. Nikachemsha saa tatu nzima. Akaja dereva wa lori, mzee wa Kiborana, wamesafiri na mbuzi kutoka Moyale, zaidi ya kilomita 700, amejifunga shuka kichwani anatetemeka. Akanywa funda moja. Akaangalia ndani ya kikombe. Akaniangalia mimi. "Kijana, huyu mbuzi alioga hapa akaenda?"

Alilipa lakini. Wazee wa huko wana heshima. Kikombe aliniachia kimejaa.

Nikahamia chai ya tangawizi na uji. Chai shilingi 20, uji 20, mandazi 10. Nailoni nikaizungusha kibanda chote, nikaipigilia misumari juu, chini nikaikandamiza na mawe. Mlangoni nikaning'iniza blanketi la kwanza na la pili, kama Minneapolis. Jiko nikaliweka katikati ndiyo kila benchi lipate haki yake. Saa kumi alfajiri nikawasha.

Jirani, usinione hivi. Ile asubuhi ya kwanza nilikuwa mtu. Nje giza, baridi inauma masikio, malori yanashusha mbuzi, wachinjaji wanapuliza vidole, na kibanda changu kinang'aa ndani ya nailoni kama taa ya chemli. Wakaona. Wakaja. Madereva, wabeba nyama, watu wa boda, kijana wa kuosha matumbo ambaye hakuna mahali pengine hukaribishwa. Wakainua blanketi la kwanza, wakainua la pili, wakasema wueh. Hiyo wueh ndiyo sifa pekee nimepata kwa biashara miaka 6.

Wakakaa. Hapo ndipo shida ilipokaa pia.

Maana walikaa. Hawakununua, walikaa. Mmoja aliagiza chai moja na vikombe vitatu. Mwingine akaomba maji moto tu, ana majani yake. Mwingine alileta mkate, akaweka vipande kwa ukingo wa jiko langu vikauke, akauliza kama nina blubandi. Kijana wa boda alichaji simu mbili, moja si yake. Mzee mmoja, huyo simjui mpaka leo, alikuja na chai kwa thamosi. Chai! Kwa thamosi! Akanimiminia kidogo, nikashukuru. Nilikuwa nimeshashukuru ndipo nikakumbuka mimi ndiye hoteli.

Na nani angetoka? Nje ni friji, ndani ni Mombasa. Wenye pesa wakija wanakuta benchi zimejaa, wanainua blanketi, wanaona migongo, wanaenda. Jioni nikahesabu. Waliokaa walikuwa 31, nilikuwa nawachora mistari kwa kadibodi. Vikombe vilivyolipiwa 9. Mandazi 4, moja nilikula mimi. Makaa yaliyoungua sitaki kuyataja, mama watoto anaweza kutusikia.

Ng'ambo ya barabara kuna Mzee wa Vichwa. Huyo anauza supu ya vichwa na miguu ya mbuzi tangu sijajua kunyoa. Hana ukuta. Hana nailoni. Ana mawe matatu, sufuria kubwa kama beseni la kuogea mtoto, na ubao wa kuwekea chumvi na pilipili. Watu wanasimama kwa baridi, wanashika kikombe kwa mikono miwili, wanapuliza, wanakunywa mbio kabla haijapoa, wanalipa, wanaondoka. Mwingine anaingia pale pale. Nikaenda kumwuliza mbona asizibe akapata wateja zaidi. Akakoroga kwanza. "Kijana yangu, mimi sigawi joto bure. Joto langu liko ndani ya kikombe." Nikamwonea huruma. Nilidhani ni umri.

Siku ya tatu nikaona jambo jipya. Wateja wanasinzia. Mmoja kainamisha kichwa, wa pili, wa tatu, benchi nzima wanaitikia ndiyo kwa kidevu. Mimi roho ikafurahi. Nikamwambia mama watoto kwa simu, uji wangu unatuliza, kuna hoteli za watu wakubwa hazijafikia hapo. Akaniuliza mimi niko sawa. Nikamwambia kichwa tu kinaniuma, ni hizi hesabu. Hesabu gani, akauliza, za vikombe 9?

Ni hapo daktari alipita. Si daktari wa hospitali, ni mmoja wa wale wahudumu wa afya wa jamii, waliogawiwa mikoba na serikali mwaka 2023, lakini mtaani tunamwita daktari ndiyo asituandike vibaya. Mama wa makamo, mdogo wa mwili, sauti ya kondakta. Akainua blanketi la kwanza. Akainua la pili. Akaangalia jiko. Akaangalia nailoni juu, nailoni chini, mawe. Akaangalia wanaume wanne wamelala midomo wazi. Nikamwambia, "Karibu daktari, uji uko." Hakujibu. Alichukua kisu changu cha mkate, akachana nailoni kutoka juu hadi chini, vwaaap, kama anachuna mbuzi. Akageuka, akachana na ule upande mwingine.

Mita 12, jirani. Za magendo.

"Daktari! Hiyo ni pesa!"

"Toa watu nje! Wewe baba, unataka kuwauzia chai ama kuwazika?"

"Lakini hakuna moshi!"

"Ndiyo maana inaua!"

Tukawatoa, mmoja mmoja, mimi nashika miguu. Tukawapanga kwa ukuta wa jirani kama magunia ya viazi, upepo uwapige. Ndiyo nikapewa darasa, tope mpaka kifundoni, watu wamejaa wanatazama. Kwamba makaa yakiungua mahali hakuna hewa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Hata yale mekundu, yaliyoshika vizuri, yasiyo na moshi. Ukiivuta inakaa ndani ya damu pale oksijeni inafaa kukaa. Unaanza na kichwa, halafu kizunguzungu, halafu usingizi. "Halafu," akasema, "tunakusoma kwa gazeti." Kwamba baridi ikija hawa wahudumu huzunguka nyumba kwa nyumba wakisema msilale na jiko ndani, na kwamba mimi nilikuwa nimechukua hilo onyo nikalifanya hoteli.

Nikamwambia binamu yangu wa Minneapolis ndiye alisema tuzibe. Akauliza, "Huyo binamu hakukwambia kule moto una bomba la kutoa hewa chafu nje?" Nikakumbuka ile video. Hakikisha una. Bomba! Alikuwa anasema bomba! Shilingi 20 zaidi ya bando ningejua. Jioni nilimpigia, akaniambia ndiyo, bomba, tena wanaweka na king'ora ukutani cha kunusa hiyo gesi. King'ora. Mimi king'ora changu kilikuwa mama mwenye mkoba.

Wale wanne waliamka, Mungu mkubwa. Daktari alitaka waende kliniki, wawili wakaenda, wawili wakasema wana mbuzi wa kushusha. Mmoja alitapika kwa viatu vyangu kabla hajaenda, nikaona ule mkate ulikuwa wake kweli. Hakuna aliyelipa. Kijana wa boda alidai fidia, tukaelewana chai mbili na mandazi. Mzee wa thamosi alirudi kuchukua thamosi.

Mzee wa Vichwa aliniletea supu, kikombe kimoja, hakuniambia neno. Nikainywa nimesimama. Moto ulinishuka mpaka magotini. Nikamlipa shilingi 50, akazichukua.

Kesho yake nikakuta vijana wameandika kwa mabati yangu, herufi kubwa, kwa makaa, tena makaa yangu: LALA SALAMA HOTEL. Nikasugua na sabuni. Maandishi yakazidi kung'aa. Mpaka leo mtu akielekezwa Kiamaiko anaambiwa ukishapita Lala Salama, kona kushoto.

Nilitoa jiko nje, nikabakisha nailoni upande mmoja tu, ule upepo unatokea. Sasa watu hawakai. Wanakunywa, wanakimbia. Kuna asubuhi niliuza vikombe 22 na nilikuwa naanza kuwa mtu tena, nikanunua magunia mengine matatu ya makaa, makavu, nikayashindilia kwa friji mpaka mlango ukafungwa na goti.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, katikati ya Agosti. Jumanne jua likatoka.

Si jua la kuonja. Jua. Wingu limeenda, bati linalia ta-ta-ta, wachinjaji wamevua masweta, mbuzi wanatafuta kivuli. Hakuna anayetaka tangawizi. Mimi nimevaa jaketi la theluji kwa sababu shati liko kwa kamba, jasho linatiririka, na kwa mara ya kwanza nikafungua zile zipu za kwapani. Zinaingiza upepo! Kumbe. Nilikuwa bado nazishangaa, mikono juu, ndipo pikipiki ikasimama. Yule kijana wa fomu. Amekuja na mwingine kwa pikapu, wanazunguka kukagua friji zao.

"Boss, habari ya mauzo?"

Nikasema nzuri, mikono bado juu.

Akafungua friji. Makaa yakashuka moja, mawili, halafu yote yaliyobaki juu, kwa viatu vyake vyeupe. Ile trei ya chenga ikafuata. Alisimama hivyo kwa muda, kama mtu anayesubiri kuambiwa ni mchezo. Halafu akatoa fomu. Ile ile. Akanionyesha kipengele, yale maandishi madogo. Nikamwambia sioni vizuri, akanisomea. Kinasema friji ni ya vinywaji vya kampuni pekee. Makaa hayajatajwa, nikamwambia. Akasema ndiyo, hakuna aliyewahi kufikiria kuyataja.

Wakaipakia kwa pikapu. Kwa fomu ya kurudisha, mahali pa sababu, akaandika neno moja, makaa, akanipa kalamu nitie sahihi. Nikaweka kidole bila kutaka, karatasi ikabaki na alama nyeusi. Akasema hiyo pia inatosha.

Mtoto mmoja wa shule alikuwa amesimama hapo kitambo, shilingi 5 imekunjwa kiganjani. Akangoja pikapu iende. Akaangalia rundo la makaa, akaangalia jaketi langu.

"Uncle, barafu iko?"

Nikamwambia uji uko.